Huduma ya akika (uchinjaji kwa ajili ya mtoto mchanga), Majengo: nyama safi, kijikaratasi kina kosa

Mbuzi wawili kwa mvulana, mmoja kwa msichana, wote wametimiza miaka miwili kama inavyotakiwa kwa Mashafii (wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii). Mchinjaji hukata kwenye viungo bila kuvunja mifupa, na pilau haichelewi. Tatizo ni mizani: ya jikoni haishiki nywele za mtoto zilizonyolewa. Zipimeni kwa sonara. Uzito huohuo wa fedha (ile ya mikufu, si noti), au thamani yake, hutolewa sadaka.

Kijikaratasi chao nacho kinadai akika ndiyo humfanya mtoto Mwislamu. Siyo! Mtoto mdogo humfuata mzazi aliye Mwislamu, awe baba au mama. Wamaliki, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Malik, ndio humtazama baba. Akika ni sunna ya siku ya saba, na ikichelewa Uislamu wa mtoto haupungui.