Gereji ya pedi, pedi, pedi

Jina la gereji silitaji. Iko Temeke, na ukipita asubuhi utaijua kwa foleni ya bodaboda. Mimi nimekoma.

Shida yangu ilikuwa moja tu, pedi za breki ya mbele kuisha kabla ya wakati. Nafunga mpya, wiki chache nasikia chuma kinakwaruza diski. Narudi, wananifungia nyingine, nalipa, naondoka. Mara wakasema zile zilikuwa feki, nichukue orijino. Nikachukua orijino, bei karibu mara mbili. Nazo zikaenda njia ileile.

Siku niliyorudi nimechukia, fundi mkuu hata hakuinama kuangalia. Kikombe cha chai mkononi, ananiambia, "Mzee wangu, una mkono mzito. Unaikalia breki." Vijana wake wakacheka. Mimi nimeanza kuendesha pikipiki wale vijana hawajazaliwa!

Haya, tuseme naikalia breki. Mbona pedi haziishi sawa? Zilizotoka zilikuwa pale pale chini, mbele ya miguu yake: moja imebaki bati tupu, mwenzake ana nyama ya kutosha, unaweza kumrudisha kazini. Mtu wa breki anayeona pedi mbili za kalipa moja, kile chuma kinachozibana kwenye diski, ziko hivyo halafu anazungumzia mkono wa mteja, huyo anauza spea, hatengenezi.

Nikaenda kwa fundi mmoja Mbagala, yuko chini ya mwembe, hana hata bango. Neno lake la kwanza: "Shikamoo baba, zile za zamani unazo?" Nikampa. Akazigeuza mara moja, akainua tairi la mbele, akalizungusha kwa mkono. Halikumaliza mzunguko, likasimama. Breki sijaigusa.

Kalipa yangu, kama za pikipiki nyingi za mjini, ina pistoni, kile kichuma kinachosukuma pedi, upande mmoja. Pedi ya upande wa pili inabanwa kwa kalipa yenyewe kuteleza kwenye pini zake. Pini zikishika kutu kalipa haitelezi, basi ile pedi ya kwenye pistoni inabeba mzigo peke yake, na ukiachia mkono haiachii diski vizuri. Inasuguliwa mchana kutwa hata ukiwa unatembea taratibu. Ndiyo maana orijino wala feki hazikudumu.

Pini moja ilitoka kwa kugongwa. Nyekundu kwa kutu, grisi imekauka kama ugoro, na kile kimpira cha kuzuia maji kimechanika. Akaisugua kwa msasa laini, akaweka mpira mpya na grisi maalumu ya breki. Nilimwonyesha kopo la grisi ya kawaida niliyokuwa nayo, akakataa, akasema hiyo inavimbisha mipira. Pistoni akaisukuma nje kidogo, akaiosha kwa mafuta ya breki. Akafungua na pampu ya juu akachungulia kile kitundu kidogo cha kurudishia mafuta, maana kikiziba breki inabaki imebana. Changu kilikuwa wazi. Mafuta ya zamani yalikuwa na rangi ya chai, akamwaga, akatia mapya aina ya DOT 4 kama kifuniko kinavyosema, akatoa upepo. Tairi likazunguka mpaka nikachoka kulitazama. Pedi nilizonazo sasa zinaliwa sawasawa pande zote mbili, na bado nene.

Kusema haki, kule Temeke mnyororo wanafunga vizuri, na yule binti wa kaunta ana adabu zake. Nilishataka kuandika kwamba kwa vitu vidogo nendeni tu. Lakini nikikumbuka kile kicheko, na zile hela za orijino… hapana. Hata kumwaga oili msiende. Kwanza kama pini za kalipa hawazifungui, hiyo oili wanayotia unaijuaje?

Malalamiko yangu yamewafikia. Wamenipigia, tena kwa heshima zote, wanasema tusamehane, nipite siku yoyote nichukue zawadi ya mteja wa zamani. Nikauliza zawadi gani.

Seti ya pedi.