Hadi diski, SSD au flashi? Cha kununua kwanza ukiwa Dodoma

Ukimwambia muuzaji wa kompyuta pale mjini kati kwamba unataka kitu cha kuhifadhia kazi zako, swali lake la kwanza ni "GB ngapi?" Humlaumu, bei zake zimepangwa hivyo. Ila kabla hujamjibu, jiulize la kwako: kompyuta ikigoma kuwaka leo jioni, ni faili gani litakutoa jasho, na nakala yake iko wapi? Mwanafunzi wa UDOM atataja tasnifu. Mwenye steshenari kule Ng'ong'ona atataja mitihani aliyowachapia walimu. Mpiga picha za harusi atataja sherehe ya Jumamosi ambayo wenyewe wameshalipa nusu na wanapiga simu kila siku.

Orodha hii nimeipanga kwa swali hilo. Kilicho juu ndicho kinachokulinda zaidi kwa pesa ile ile. Bei sitaji, maana zikitajwa leo kesho zimeshakuwa uongo, na tangu mwishoni mwa 2025 RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) na SSD (diski ya chipu, isiyo na sahani ya kuzunguka) zimepanda duniani kote baada ya watengenezaji wa chipu kukimbilia oda za vituo vya data vya akili mnemba. Kama ulizoea kusikia "subiri, SSD zitashuka", kwa sasa usiutegemee ushauri huo.

Namba moja: SSD ndani, hadi diski ya zamani nje

Kwa mwenye laptopu ya mtumba yenye hadi diski ya kuzunguka, sioni cha kushindana na hiki. Unanunua SSD ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski) ya inchi 2.5, fundi anaiweka mahali pa ile hadi diski, na hadi diski unaitia kwenye kasha la USB 3.0. Manunuzi mawili, na kasha lenyewe ni bei ndogo. Hapo umepata kompyuta inayowaka kwa sekunde badala ya dakika, na papo hapo umepata eksteno, yaani diski ya nje, ya bekapu.

Kasi inatoka wapi? Hadi diski ya laptopu husoma kama MB 100 kwa sekunde mambo yakiwa mazuri, SSD ya SATA hufika 500 na kidogo. Lakini tofauti unayoihisi mkononi haiko kwenye namba hizo. Ndani ya hadi diski kuna kisomeo kinachosafiri juu ya sahani kutafuta kila kipande cha faili, na Windows inapowaka inaomba maelfu ya vipande vidogo vidogo. SSD haina kinachosafiri. Ndiyo maana hata laptopu ya Core i5 ya kizazi cha nne, ambayo mwenyewe alishaiona ya kutupa, hugeuka mashine ya kufanyia kazi. Kumbuka tu kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine za umri huo Windows 11 haizikubali rasmi. Kwa Word, Excel na kuperuzi bado zina maisha; kwa mambo ya benki mtandaoni ningefikiria Linux.

Kabla hujatoa pesa, laptopu ifunguliwe kwanza. Mashine nyingi za miaka ya karibuni hazina nafasi ya inchi 2.5, zinatumia SSD bapa za M.2 zenye umbo la pipi ya ubani. Na hizo M.2 ziko za aina mbili zinazofanana kama mapacha: za SATA na za NVMe, ambayo ni njia nyingine yenye kasi zaidi. Angalia ukingo wenye meno ya dhahabu. Penye mapengo mawili mara nyingi ni SATA, penye pengo moja mara nyingi ni NVMe. Mara nyingi, si mara zote, kwa hiyo soma na maandishi ya lebo. Ukinunua isiyoingiliana na madabodi yako, inaweza kukaa vizuri, ikafungwa skurubu, na kompyuta isiione kabisa.

Ukubwa? GB 512 kwa watu wengi. GB 256 inamtosha anayeandika tu na kutunza PDF. Ukinunua ya TB 1 na Windows ikakuonyesha 931, hujaibiwa: kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows huhesabu kwa 1024.

Mambo mawili fundi anaweza kuyaruka, wewe usiyaruke. La kwanza, kompyuta nyingi za Windows 11 hufunga data zake kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, bila mwenyewe kujua. Tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye akaunti yako ya Microsoft, uuandike kabla bisibisi haijagusa kitu. La pili, hadi diski unayoitoa ipimwe kabla haijapewa kazi ya kutunza bekapu. Programu ya CrystalDiskInfo ni ya bure. Ikiandika "Caution", au ukiona mstari wa "Current Pending Sector" una namba isiyo sifuri, hiyo diski ifanyie kazi ya kuhamishia sinema, bekapu tafutia kwingine.

Namba mbili: eksteno mpya ya TB 1 au 2

Kama laptopu yako tayari ina SSD, ruka ya kwanza uje hapa. Chukua ya inchi 2.5 inayopata umeme kwa waya wa USB peke yake. Zile kubwa za inchi 3.5 zina adapta ya ukutani, na kwa umeme wetu kila ukikatika zinazimika katikati ya kunakili.

Watu wa Dodoma huogopa vumbi kwenye hizi diski, lakini vumbi haliingii kwenye sahani kirahisi. Kinachoziua ni kuanguka zikiwa zinazunguka na kuchomolewa waya kwa pupa. Ikiwa imezimwa inavumilia safari ya bodaboda. Ikiwa inawaka, hata kusukumwa kwenye meza kunaweza kuimaliza.

Ifomati kulingana na matumizi. NTFS kama ni Windows tu. exFAT kama kuna Mac, au kamera na televisheni zinazoikubali. Ukiiacha FAT32, video yoyote inayozidi GB 4 itakataa kuingia hata kama nafasi imebaki tele, na hapo ndipo watu husema diski ni feki kumbe ni fomati.

Ukishanakili, chomoa uiweke kabatini. Virusi vya kudai fidia hufunga kila kilichochomekwa wakati huo, bekapu ikiwemo. Na radi ya mvua za Januari haichagui.

Namba tatu: UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika), na kwa mwenye desktopu hii ndiyo ya kwanza

Hapa mpangilio wangu unavunjika. Laptopu ina betri yake, kwa hiyo umeme ukikatika haijali. Desktopu inakufa papo hapo, na ikiwa ilikuwa inaandika faili, unaweza kurudi ukute Windows haiwaki. Mwenye desktopu asinunue eksteno, asinunue kibodi yenye mataa, kabla hajawa na UPS.

Ya VA 650 inatosha ofisi ya kawaida. Usiisome hiyo 650 kama wati. Nyingi za kundi hilo hubeba wati 360 hivi. Kompyuta ya ofisi na skrini yake kwa kawaida haifiki 200, kwa hiyo utapata dakika za kutosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Si za kumalizia ripoti. Printa ya leza usiichomeke humo kamwe, kipasha joto chake kinavuta umeme mwingi kwa mkupuo na UPS italia au itazimika.

Ipimwe dukani, na usikubali kuambiwa "ni mpya, iko kwenye boksi". Ndani mna betri ya risasi, mara nyingi ya volti 12 na Ah 7, na betri ya risasi ikikaa rafuni muda mrefu bila chaji inakufa ikiwa mpya. Mwambie muuzaji achomeke kompyuta yake ya dukani, kisha achomoe UPS ukutani. Ukihesabu hadi kumi na skrini bado inawaka, endelea na mazungumzo. Uliza pia kama betri inabadilishika, maana baada ya miaka miwili mitatu utaihitaji nyingine, mapema zaidi kama chumba ni cha joto.

Mwenye laptopu ananufaika zaidi na gadi ya TV ya kawaida. Umeme unaporudi mara nyingi huja kwa kishindo, na gadi husubiri utulie kabla ya kuupitisha. Ekstensheni nyingi za sokoni, hata zenye taa nyekundu ya kuvutia, hazina kinga yoyote ndani.

Namba nne: nafasi ya mtandaoni

Google inakupa GB 15 bure, zikigawanywa na Gmail na picha zako. OneDrive inatoa 5. Kwa bando za hapa, kupandisha GB 200 za video za harusi ni kuchoma pesa, kwa hiyo usijaribu. Weka vile vidogo visivyo na mbadala: tasnifu, vyeti vilivyoskaniwa, mikataba ya kiwanja, hesabu za biashara. Vyote pamoja huenda visifike GB 2. Nyumba ikiibiwa laptopu na eksteno kwa usiku mmoja, hivi vinabaki.

Kwa watumishi wa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali: nyaraka za ofisi zenye taarifa za watu hazina nafasi kwenye Drive yako binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023. Mnaobeba kazi kwenye eksteno, ifungeni kwa nywila; programu ya VeraCrypt haina gharama.

Namba tano: SSD ya nje

Nzuri, nyepesi, haiogopi kuanguka. Ni ya mpiga video anayehariri moja kwa moja kutoka kwenye diski. Wengine wote wananunua kasi watakayoisubiri kwenye poti ya USB 2.0, ambayo kwa vitendo haipitishi zaidi ya MB 40 kwa sekunde. Na ukikutana na "SSD ya TB 16" kwa bei ya kutupa, iache. Zilizofunguliwa nje ya nchi zimekutwa na kadi ndogo za kumbukumbu (microSD) zilizobandikwa ndani ya kasha zuri la chuma.

Mwisho kabisa: flashi

Flashi ni ya kubebea, hasa kupeleka kazi steshenari na kurudi na virusi vya shotikati. Si ya kutunzia. Hapa ndipo feki zimejaa, na ujanja wenyewe ni huu: flashi ya GB 8 inachezewa kichwani ili ijitangaze ni ya TB 2. Unaiona TB 2 kwenye kompyuta, unanakili, majina ya mafaili yanaonekana yote. Siku ukifungua, yaliyoingia baada ya GB 8 za kwanza ni takataka tupu.

Kuitambua kunahitaji muda. Programu ya H2testw huandika flashi nzima kisha kuisoma tena. Flashi ya GB 64 inayoandika MB 10 kwa sekunde itakula karibu saa moja na dakika arobaini na tano kuandika tu, kabla ya kusoma. Hakuna muuzaji atakayekusubiri hivyo. Kubalianeni mapema kwamba unaenda kuipima nyumbani na ikifeli unairudisha, na akisita, umeshapata jibu. Flashi ya TB 2 kwa bei ya chipsi kuku haihitaji hata kupimwa.

Vifaa vidogo, kwa haraka

Chaja: volti zilingane na za laptopu, ampea zilingane au zizidi. Dell ina waya mwembamba wa utambulisho katikati ya pini. Chaja feki isiyo nao itawasha mashine lakini haitachaji betri. Waya wa Type-C: nyingi za bei rahisi zinachaji tu, hazipitishi data, jaribu dukani kwa kuhamisha faili. Mausi nunua yoyote inayokaa vizuri mkononi.

Vumbi nalitaja peke yake kwa sababu msimu wa upepo linajaza feni za laptopu kuliko mikoa mingi. Brashi laini na pampu ya mkono vinatosha. Zuia feni kwa kijiti cha meno kabla ya kupuliza, isizunguke kwa kasi isiyoijua. Kompresa ya kujazia matairi inatema maji na mafuta, usiikaribie.

Ununue wapi

Maduka ya mjini kati kwa SSD, UPS na eksteno, ukidai risiti ya EFD yenye jina la kifaa, kwa sababu waranti bila risiti ni maneno. Kwa wamachinga nunua mausi, kava na nyaya. Kariakoo ni rahisi zaidi kwa vitu vingi, na tangu treni ya SGR ianze 2024 mtu anaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, lakini kwa SSD moja nauli inameza ulichookoa. Nenda kama mmechangishana watu kadhaa. Mkiletewa kwa basi hadi stendi ya Nanenane, SSD ije vyovyote. Hadi diski mwambie mtumaji aifunge kwenye sponji na aandike juu ya boksi kwamba ni kioo. Si kioo, lakini makondakta wanalielewa neno hilo.