Loro Parque, Tenerife: dirisha la makinda linapendeza, kazi yenyewe iko nyuma ya pazia

Bustani hii ya Puerto de la Cruz, kaskazini mwa kisiwa cha Tenerife, Hispania, ilifunguliwa Desemba 1972 ikiwa na kasuku wapatao 150. Leo watu huifuata kwa sokwe, pengwini na nyangumi wanaorukaruka. Maonyesho ya nyangumi tunayaacha kando: hayahusiani na kasuku, na humlia mgeni muda. Hapa tunapima jambo moja tu, uzalishaji wa kasuku walio hatarini kutoweka.

Umati hukusanyika kwenye dirisha la chumba cha kulelea makinda. Ni kazi ngumu kuliko inavyoonekana kupitia kioo. Uji wa kinda hutakiwa uwe na nyuzijoto 39 hadi 41. Ukizidi 43 huunguza mfuko wa chakula ulio shingoni, na kidonda hujitokeza siku kadhaa baadaye, ngozi inapotoboka. Ukipoa mno, chakula hulala mfukoni, huchacha na kuota kuvu. Kila mlo huwa takriban asilimia 10 ya uzito wa kinda, naye hupimwa kila asubuhi kabla ya kula, mfuko ukiwa mtupu. Uzito uliosimama ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa. Mlishaji mwenye pupa husukuma sirinji kinda akiwa hajaanza kumeza, uji ukaingia mapafuni, na aghalabu kinda hufa.

Shida ya dirisha hilo ni funzo analoondoka nalo mgeni: kwamba kuokoa kasuku ni kumlisha kwa mkono. Kinda aliyelelewa peke yake na binadamu hujiona mtu. Akiachiwa porini hutua karibu na nyumba, hamwogopi mtegaji, na hata mwenza humchagua vibaya. Kwa hiyo kulisha kwa mkono kuwe kwa dharura: wazazi wanaovunja mayai, au kinda wa mwisho anayenyimwa chakula na kudumaa. Wapo wafugaji wanaoondoa mayai ya kwanza makusudi ili jike atage tena. Idadi huongezeka, ila jike huishiwa kalisi na yai linaweza kumkwama.

Sifa halisi ya Loro Parque ni kasuku wa Lear, yule wa buluu iliyokolea kutoka Bahia, Brazil. Serikali ya Brazil iliikabidhi bustani jozi za kuzalisha mwaka 2006, zikazaa, na mwaka 2018 kasuku 6 wakarudishwa Brazil kwa ajili ya Boqueirão da Onça, eneo la kaskazini mwa Bahia, ambako porini walikuwa wamebaki 2 tu. Kurudisha si kufungua mlango wa kizimba. Ndege hukaa kwanza kwenye kizimba kirefu hukohuko, ajenge misuli ya kuruka, ajifunze kumkimbia mwewe, na azoee kupasua kokwa za licuri, mti wa jamii ya mchikichi. Kasuku mmoja wa Lear huweza kula hadi kokwa 350 kwa siku. Aliyezoea bakuli la mbegu hatafika hapo kwa wiki moja.

Hatari nyingine ni maradhi. Mwaka 2025 sirkovirusi, inayoharibu manyoya na mdomo na kudhoofisha kinga, iligunduliwa katika mradi wa kurudisha porini kasuku wa Spix huko Curaçá, Bahia hiyohiyo. Karantini na vipimo vya kurudiarudia haviwezi kukatwa ili kubana bajeti.

Fedha za wakfu wa bustani zimefanya kazi pia pasipo kizimba. Huko Colombia, kasuku wa masikio ya manjano waliopatikana 81 mwaka 1999 wameongezeka sana kwa kulinda michikichi ya nta wanamotaga, iliyokuwa ikikatwa kwa ajili ya Jumapili ya Matawi. Kwa maoni yetu, huo ndio mradi bora kuliko yote waliyoigharimia.

Kwa kasuku, nyota 4 kati ya 5. Moja tumeikata kwa sababu kituo cha kuzalishia cha La Vera hakimo katika njia ya kawaida ya wageni, na humo ndimo wazazi wanamolea wenyewe. Ukienda, fika lango linapofunguliwa: kasuku huchangamka asubuhi na jioni, mchana husinzia. Anza na Katandra, tundu kubwa la ndege wa Australia lenye madaraja ya kamba, kabla halijajaa watu.