Safari ya nusu siku Malindi hadi Marafa: nyota nne, ya tano imeliwa na tetemeko

Kwanza pesa, manake najua ndo mnalotafuta. Tulilipa 2,500 kwa kichwa, watoto nusu, na humo mna gari, maji, kiingilio na kijana wa kututembeza. Ni kampuni ndogo tu ya hapa hapa Malindi, ofisi meza moja na feni, jina silitaji sababu huko mbele nitawasema na sipendi kumtilia mtu mchanga kitumbua chake.

Tulikuwa watano: mie, mume wangu, wifi yangu aliyeshuka kutoka Nairobi, na wanawe wawili, mmoja darasa la sita, mwengine bado wa kubebwa akichoka. Gari ilifika saa nane na nusu badala ya saa nane, ambayo kwa mji huu ni kuwahi, eisi haifanyi kazi lakini madirisha yote yanafunguka na dereva haendeshi kama anafukuzwa, hapo sina neno. Tukavuka daraja la Sabaki maji rangi ya chai ya maziwa, tukakata Marikebuni, na kutoka hapo ni vumbi na mbuzi mpaka Marafa.

Sasa Nyari yenyewe, ndo hilo korongo la Marafa. Jina wanasema maana yake ni mahali palipovunjika penyewe, na ukifika ukingoni waelewa mara moja. Unatembea kwenye nchi tambarare, nyumba, mahindi, kuku, mara mbele ya miguu hamna kitu. Shimo kubwa lenye minara na kuta za mchanga uliogandamana, tabaka juu ya tabaka, nyekundu, chungwa, waridi, nyengine nyeupe kama unga wa muhogo, na joto linalopanda kutoka mle ndani ni la tanuri ya mofa kabisa. Picha hazisemi kweli, mimi nimeishi Malindi miaka yote hii na nilikuwa nikiziona kwenye simu za watu nasema ah, korongo tu.

Kijana wetu alianza na hadithi ya wazee, ile ya ukoo uliokuwa na ng'ombe wengi mpaka wakaoga maziwa, Mungu akakasirika ardhi ikawameza, nyeupe ni maziwa na nyekundu ni damu. Aliisimulia vizuri mno, anashusha sauti, anasimama, anakuacha usubiri. Wifi yangu alinyamaza kimya, na wifi yangu hanyamazi.

Halafu akaharibu. Akasema, "sasa hiyo ni hadithi, sayansi inasema palipiga tetemeko kubwa ardhi ikapasuka, na ufa huu ndo Afrika inapoanzia kugawanyika."

Mie nasomesha jiografia. Nilijaribu kunyamaza wallahi, mume wangu akanitazama lile tazamo la "leo tuko likizo," lakini pale pale kuna familia ya wageni nyuma yetu wanatikisa vichwa wanarikodi na simu, nikaona hapana.

Tulikuwa na hotipoti ya chapati. Nikatoa sita nikazipanga kwenye sahani, nikaazima kisu cha dereva nikazikata katikati. Nikamwambia yule kijana, mdogo wangu tazama, tetemeko la kupasua nchi lafanya hivi: nusu moja nikaishusha pembeni mwa nyenzake, ile chapati ya juu ya upande ulioshuka ikawa inaangaliana na ya tatu ya upande wa pili. Nikazirudisha sawa, nikakata kipande kama herufi V hapo kati nikakila. (Wifi: "ndo umekuja kula chapati za watoto kwa jina la elimu?") Sasa pengo lipo, lakini kila chapati bado iko usawa na mwenzake wa ng'ambo. Haya, tazama korongo. Ule mstari mweupe kwenye ukuta wa huku, utafute ukuta wa kule.

Wa darasa la sita ndo aliyeuona wa kwanza. Uko usawa ule ule. Hakuna upande ulioshuka, hakuna uliopanda. Aliyekula Nyari ni mvua, kila masika inazoa kidogo na ukingo unarudi nyuma.

Na si kijana peke yake anayekosea hapa, tusimuonee. Machi 2018 pale Suswa, upande wa Mai Mahiu, si mnakumbuka ardhi ilifunguka ikakata barabara ya Narok, na dunia nzima ikaandika Afrika imeanza kugawanyika? Wajiolojia wengi walipotazama wakasema mvua kubwa imezoa majivu malegevu ya volkano yaliyokuwa yamejaza nyufa za zamani. Shimo kubwa lina kelele, ndo maana linapata picha.

Hapo kijana akauliza swali ambalo wanafunzi wangu wa kidato cha tatu hawajawahi kuniuliza. Akasema, "sasa mwalimu, kama mashimo yote ni mvua, mwajuaje kuwa Afrika inapasuka kweli?"

Kwa swali hilo nikamrudishia nusu nyota pale pale.

Twajua kwa matetemeko, nikamwambia, lakini si kwa mashimo yake. Tarehe 6 Januari 1928 palipiga Subukia, kule Nakuru, ukubwa 6.9, na ardhi ikapasuka kwa urefu wa kama kilomita 38, mahali pengine upande mmoja ukashuka zaidi ya mita mbili. Hizo ndo chapati zangu. Upande ukishuka hivo maana yake nchi imevutwa huku na huku mpaka kipande kikakosa wa kukishikilia kikateremka, na ukirudia hilo mara maelfu kwa mamilioni ya miaka unapata zile kuta za Bonde la Ufa mnazoziona mkienda Naivasha.

Na hata pasipopasuka juu, mawimbi ya tetemeko yanasema. Tetemeko linapoanza, vituo vya kupimia mitetemo vya upande huu vyasikia ardhi ikisukumwa kwanza, vya upande ule vyasikia ikivutwa, na wataalamu wakipanga nani kasukumwa nani kavutwa wanajua ufa umekwenda vipi kule chini ambako hakuna aliyefika. Nepal Aprili 2015 ilikuwa kubanwa, India inaingia chini ya Asia. Uturuki Februari 2023 ilikuwa kuteleza ubavu kwa ubavu, mashamba na reli zikahama mita kadhaa. Huku kwetu, mengi ya Bonde la Ufa yasema kitu kimoja, kuvutwa mashariki na magharibi.

Ila bara halipasuki kama kitambaa cha kanga, chaa, mstari mmoja. Hili ndo nilitaka alishike. Bara linaharibika kwa upana, ufa una mkono wa mashariki unaopita kwetu, mkono wa magharibi wa ziwa Albert mpaka Tanganyika, na mwengine uko baharini kabisa. Khalati yangu wa Mombasa anaujua huo wa baharini, tarehe 12 Agosti 2020 usiku alitoka nje na kanga moja kiunoni, vyombo vinalia kabatini, na lile tetemeko la karibu 6 lilikuwa chini ya bahari huko karibu na Dar es Salaam.

Kasi je? Nikamshika wifi mkono. Alikuwa na hina ya kucha tangu Idi, mwezi mmoja hivi, na chini ya hina kulishatokea ule ukingo mweupe, kama milimita tatu na kitu. Nikasema huo ukingo, Bonde la Ufa laufungua kwa mwaka mzima. Ethiopia zaidi kidogo, kusini kwetu pungufu. Wifi akasema kumbe mie nina kasi kuliko Afrika.

Lakini si kila mara ni polepole vile, na hapa hesabu yapendeza. Ukijumlisha matetemeko yote hayatoshi kufikia mwendo unaopimwa, kuna kunakofunguka bila kelele nyingi, uji wa moto, yani mawe yaliyoyeyuka, wapanda kutoka chini wajipenyeza. Septemba 2005 kule Afar, Ethiopia, uliingia kwenye mpasuko wa kilomita 60 hivi na nchi ikaachana mpaka mita 8 mahali pengine, kwa wiki chache tu. Kucha ngapi hizo.

Na hiki ndo kilichoniuma zaidi kuhusu hii safari. Mnajua huo mwendo wapimwa wapi? Mojawapo ya mahali ni hapa hapa! Kwenye kituo cha anga cha Waitalia upande wa Ngomeni, kule walikorusha ile setilaiti ya Uhuru mwaka 1970, pana kipokezi cha jipiesi, kama ile ya simu lakini kali zaidi, kilichoanza kusomwa miaka ya tisini, na namba za Malindi zimo kwenye hesabu za kujua bamba la Somalia, yani kile kipande kikubwa cha gamba la dunia cha huu upande wetu, lahama vipi kutoka kwa Afrika iliyobaki. Tumepita njia panda zile kwa gari na hakuna aliyesema neno. Tena pwani yenyewe hii ni ukingo wa mchaniko wa zamani, Madagaska ilikuwa imegandana na sisi ikaanza kuondoka miaka kama milioni 160 iliyopita. Ukitaka kuwauzia wageni hadithi ya bara kupasuka, yakhe, iko, na ni kweli, na haihitaji kumsingizia Nyari.

Kijana hakukasirika. Aliandika "Subukia 1928" kwenye kiganja kwa kalamu akaniomba namba, na jumamosi iliyofuata akanitumia picha ya wageni wameinama juu ya sahani ya chapati. Ameongeza achari pembeni, sijui achari ni nini kwenye hiyo jiolojia.

Mengineyo haraka. Choo kipo na kina maji. Kushuka chini ni kama nusu saa ukiwa na mtoto, viatu vya kufunga, makubadhi yataachwa njiani. Chakula hakimo kwenye bei, pale juu ukingoni twapata soda baridi na biskuti tu, kwa hiyo bebeni vyenu. Maji waliyotupa yalikuwa chupa ndogo moja kila mtu, kwa joto lile ni mzaha, nimewaambia.

Na msikubali kuondoka Malindi baada ya saa nane na nusu. Sisi tulifika chini kwenye saa kumi na moja, jua limeanza kuegemea, kuta zikawaka zote kwa pamoja, na yule mdogo wa kubebwa akaanza kuilamba ile nyeupe kuhakikisha kama ni maziwa.