Kupandikiziwa mfupa wa nyonga kwenye taya: nilivyohudumiwa Moshi

Ukiambiwa utakatwa kipande cha taya na kuwekewa mfupa wa nyonga, akili yote huenda usoni. Ulizia na nyonga. Taya langu lilivimba na kukaza, lakini kilichoninyima usingizi ni kile kidonda cha kiunoni. Kujigeuza kitandani, kupanda ngazi, hata kukohoa, kazi. Sista mmoja wa wodini alinifundisha kubana mto juu ya kidonda kabla sijakohoa, Mungu ambariki. Mkongojo niliuacha baada ya wiki kadhaa, ila ngozi ya paja kwa nje ina ganzi mpaka leo.

Pamoja na hayo, ningekubali tena. Nilikuwa na ameloblastoma, uvimbe ambao si saratani lakini unakula mfupa polepole, mara nyingi bila maumivu. Ukikwanguliwa tu, hurudi kwa urahisi, na wangu ulirudi baada ya kukwanguliwa kwenye kliniki moja hapa Arusha. Hilo liliniuma sana, kwa sababu sikuelezwa kwamba unaweza kurudi. Hospitali ya rufaa Moshi walikata sehemu yote yenye ugonjwa pamoja na sentimita 1 hadi 2 za mfupa usio na ugonjwa pembeni, wakafunga bamba la titani, wakajaza pengo kwa mfupa wangu mwenyewe.

Daktari alinichorea kwa kalamu. Ganda gumu la nyonga linaleta uimara, lakini ile sehemu laini ya ndani, yenye uboho, ndiyo ina seli hai za kujenga mfupa mpya. Na kwa kuwa mfupa ni wako, mwili hauukatai. Pengo likizidi kama sentimita 6, mara nyingi huchukuliwa mfupa mwembamba wa mguuni pamoja na mishipa yake ya damu, maana kipande kirefu kisicho na damu yake kinaweza kufa kabla hakijashika. Langu lilikuwa fupi.

Chakula kilikuwa mtori uliosagwa mpaka ukawa maji, uji na maziwa. Kila nikimaliza, nasukutua kwa maji ya chumvi, kwa sababu kidonda cha mdomoni kikiachia, mate yanaingia na mfupa wote unaweza kuoza. Anayevuta sigara aache kabisa; zinapunguza damu inayofika pale.

Mdomo wa chini hauna hisia upande mmoja, kwani mshipa wa fahamu unapita ndani ya mfupa uliotolewa. Bamba nililipia peke yake, nje ya gharama ya upasuaji, kwa hiyo ulizeni mapema. Meno ya bandia bado, kwanza mfupa ukomae. Kliniki naendelea kwenda, maana uvimbe huu unaweza kurudi hata baada ya miaka 10, hivyo mnaotoka Arusha ingizeni nauli ya Kosta kwenye bajeti tangu mwanzo.