Glopu za LED za H4: mwanga mwingi, njia haionekani

Maduka mengi ya spea hapa Unguja, ya Darajani na ya Mwanakwerekwe, yana paketi hii juu ya kaunta: boksi jeusi, picha ya gari inayotoa mwanga mweupe pee, maandishi makubwa ya wati 200 na lumeni 20,000 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), na ndani yake glopu mbili za LED za H4, aina inayobeba fulu na dimu pamoja, zenye feni nyuma. Ukiuliza kama ni nzuri, muuzaji anaichomeka kwenye betri hapo hapo na kukumulika nayo usoni. Jicho likifumba, biashara imekwisha. Glopu inauzwa kwa namna inavyoumiza macho, wala hakuna aliyetazama inavyoimulika njia.

Kwa Noah, Hiace, Escudo au RAV4 ya zamani yenye taa za rifleka, yaani bakuli linalong'aa nyuma ya glopu na kurusha mwanga mbele, paketi hii haistahiki pesa inayoombwa. Kwa taa za projekta, zile zenye lenzi ya mviringo ndani, pana la kuzungumza, na tutafika huko.

Namba za kwenye boksi zinaanguka kwa hesabu ya skuli ya msingi. Wati 200 ugawe kwa volti 12 ni karibu ampea 17. Fyuzi za taa za mbele kwenye gari nyingi za Kijapani ni za ampea 10 au 15, kwa hiyo namba ile ingekuwa kweli, fyuzi ingekatika usiku wa kwanza. Mpe fundi umeme mwenye mita ya kubana waya aipime wakati imewaka: mara nyingi utaona kama ampea 2, yaani wati 25 hivi. Glopu ya kawaida ya H4, ile ya 60/55 (wati 60 za fulu, 55 za dimu), kiwango chake cha kimataifa ni lumeni 1,650 kwenye fulu na 1,000 kwenye dimu ikipata volti 13.2. Lumeni elfu moja zilizopangwa vizuri zinamtosha dereva aliyetulia.

Kupangwa ndiko kunakopotea. Ndani ya glopu ya H4 mna nyuzi mbili. Ule wa karibu na kitako ni wa fulu. Wa mbele ni wa dimu, na chini yake pana kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usiangukie nusu ya chini ya rifleka. Nusu hiyo ikipata mwanga huurusha juu, kwenye macho ya anayekuja. Ukingo wa kikombe umekatwa kwa pembe ya digrii 15 upande mmoja, ndiyo maana dimu ikipiga ukutani huchora mstari uliolala upande wa kulia na unaopanda upande wa kushoto. Uzi ni mwembamba, na rifleka imechongwa kuufuata pale pale ulipo.

Chipu za LED hazikai pale. Zimebandikwa pande mbili za kibao cha chuma, na unene wa kibao unazisogeza mbali na mahali pa uzi. Kikombe chake kwenye paketi za rahisi ni kipande cha bati kilichokunjwa, au hakipo kabisa. Matokeo yake mwanga unamwagika ovyo: mwingi mita 10 mbele ya bampa, mwingine kwenye matawi ya miembe, na mita 50 mbele, pale unapopahitaji, giza. Dereva anadhani anaona vizuri kwa sababu lami iliyo karibu inang'aa. Jicho lake linazoea mwangaza ule na kuzidi kushindwa kuona mbali.

Ile pembe inayopanda kushoto haikuwekwa kwa urembo. Sisi tunapita kushoto, na kushoto ndiko waliko watu: anayesukuma baskeli, gari ya ng'ombe isiyo na hata kipande cha rifleka nyuma, watoto wanaotoka chuoni. Baada ya sala ya Isha, mwenye kanzu nyeupe unamwona mapema hata kwa taa mbovu. Mwenye buibui jeusi harudishi mwanga karibu hata kidogo. Utamwona tu kama ile pembe ya kushoto inamfikia miguuni kutoka mbali. Glopu iliyofuta mstari imemfuta na yeye.

Kwa aliyekwisha kununua, kuna mambo ya kufanya kabla ya kuzirudisha. Toa soketi, vua mpira wa nyuma, fungua kibanio cha waya. Tenganisha kola, ile pete yenye masikio inayoishika glopu kwenye taa, na glopu yenyewe, uiweke kola peke yake kwenye taa, sikio pana likiwa juu, kisha ubane. Ndipo uingize glopu na kuizungusha mpaka ijifunge. Chipu lazima zitazame kulia na kushoto, na kikombe kiwe chini. Mafundi wengi huiacha ikitazama juu na chini kwa sababu ndivyo ilivyoingia kwa urahisi. Hapo hata glopu ya bei kubwa itawachoma watu macho. Washa dimu mbele ya ukuta. Ukiuona mstari, hata kama si mkali kama wa glopu ya kawaida, endelea kupima. Ukiona wingu jeupe limetapakaa juu na chini, zungusha kola kidogo kidogo, na wingu lisipojikusanya, funga boksi urudi dukani.

Wenye Toyota za zamani wajihadhari na jambo jingine. Nyingi kati yake swichi ya taa inakata upande wa negativu, na chanya iko pale muda wote. LED nyingi za H4 zimetengenezwa kwa mpango wa kinyume. Ndiyo sababu unakuta taa ya buluu ya fulu kwenye dashibodi haizimi, au ukiweka fulu zote zinazimika. Glopu si mbovu. Inatakiwa adapta ya kugeuza, na muuzaji asiyeijua adapta hiyo atakuuzia paketi ya pili isiyokusaidia kitu.

Bahari nayo ina hesabu yake. Feni ile ndogo ndiyo inayolitoa joto nyuma ya chipu, na chumvi ya Nungwi au Makunduchi haina huruma na bearingi ya ukubwa wa punje ya mchele. Feni ikikwama, glopu hujipunguza nguvu ili isiungue, na mwanga unashuka bila dereva kujua. Kwa hiyo usiipime kwa dakika 2 za dukani; iwashe nusu saa, kisha utazame ukuta tena. Pia mpira wa nyuma mara nyingi haufungi kwa sababu feni imetokeza, na unyevu unaingia. Glopu ya kawaida huipasha taa joto na kuikausha kwa ndani. LED hutoa joto lake nyuma, kioo cha mbele kinabaki baridi, na msimu wa masika unaweza kukaa wiki nzima na matone ndani ya taa. Tone moja linatosha kuutawanya mwanga kila upande.

Sasa, kwa nini watu wanazikimbilia? Kwa sababu taa zao za zamani ni hafifu kweli. Lakini uhafifu huo kwa kawaida hautoki kwenye glopu. Pima volti kwenye soketi ya taa, injini inanguruma na taa zimewaka. Ukipata 13 na pointi, waya ni mzima. Ukipata 11.5, glopu ile ile imepoteza zaidi ya theluthi moja ya mwanga wake, kwa sababu mwanga wa uzi hushuka kwa kasi kuliko volti. Dawa ni kusafisha nati ya ethi kwenye bodi mpaka chuma king'ae, kutupa soketi iliyoota kutu ya kijani, na kufunga relei (swichi inayowashwa kwa umeme) mbili, moja ya dimu na moja ya fulu, zikichota umeme moja kwa moja kutoka betri kwa waya mnene na fyuzi yake. Halafu chukua msasa wa maji namba 800 kama kioo cha plastiki cha taa kimekuwa cha njano sana, kisha 1,000, 2,000 na 3,000, malizia kwa polishi na upulize vanishi ya kuzuia jua. Ukiacha vanishi, njano inarudi upesi kwa jua letu. Dawa ya meno inang'arisha kwa muda mfupi tu.

Glopu ya kuweka baada ya hapo ni ya kawaida, 60/55, kutoka kampuni inayojulikana. Philips wanaiita 12342, Osram wanaiita 64193. Namba hizo utazikuta zimeandikwa kwenye kitako chenyewe, pamoja na duara lenye herufi E na namba ya nchi iliyoidhinisha, kwa mfano E1 ni Ujerumani na E4 ni Uholanzi. Maandishi yakifutika kwa kucha, iache. Usiguse kioo cha glopu kwa vidole, mafuta ya mkono hukipasua kikipata moto. Ukigusa, futa kwa spiriti. Ile ya 100/90 usiijaribu: mbili zikiwa kwenye fulu zinataka karibu ampea 17, soketi inayeyuka na rifleka inababuka.

Kupiga taa, yaani kuzilenga zimulike pale panapotakiwa, ni kazi ya nusu saa na haina gharama. Tafuta sehemu tambarare mbele ya ukuta, pima mita 10 kutoka taa. Upepo wa matairi uwe sawa, dereva akae kwenye kiti chake, na swichi ya kushusha taa ndani ya gari, kama ipo, iwe kwenye 0. Pima urefu kutoka chini hadi katikati ya taa, tuseme sentimita 70. Bandika utepe ukutani kwa sentimita 60. Mstari wa dimu ukae sawasawa na utepe huo, yaani ushuke sentimita 10 kwa kila mita 10; kwa taa ya urefu huo mwanga utagusa njia kwenye mita 70. Funika taa moja unapopiga nyingine. Daladala ipigwe ikiwa na mzigo wa kawaida, kwa sababu Hiace ikijaa nyuma, pua inapanda na taa nzuri zinageuka tochi za kutafutia popo.

Taa za projekta ni habari nyingine. Mstari wao unakatwa na kibati kilichomo ndani ya taa yenyewe, kwa hiyo LED ya H11 (glopu ya kazi moja, si fulu na dimu pamoja) ndani ya projekta nzima huwa na adabu zaidi, ingawa mwanga wa mbali bado unaweza kupungua. Gari zilizokuja na HID (taa za gesi ya xenon) kutoka kiwandani, zenye glopu za D2 au D4, mara nyingi huchoma macho kwa sababu ya sensa ya leveli, ile inayozishusha taa gari ikiinama nyuma: kimkono chembamba kilicho kwenye ekseli, ambacho mashimo ya njia na kutu hukivunja. Tazama huko kabla ya kununua glopu. Na gari ya usukani wa kushoto, kama zile zinazotoka Dubai, pembe yake inapanda kulia, kwa anayekuja. Hiyo kwa kawaida haipigiki, inataka taa nyingine.

Glopu ikiwa sawa, bado kuna mkono unaoiendesha. Gari mbili za kilomita 60 kwa saa zinakaribiana mita 33 kila sekunde, hivyo anayengoja mpaka amwone mwenzake waziwazi amechelewa. Shusha mapema, na ukiwa nyuma ya mtu shusha pia, vioo vyake vinamrudishia fulu yako yote. Kwenye vilima vya njia ya Chake Chake kwenda Wete, kule Pemba, unaona mwangaza wa gari juu ya kilima kabla ya gari yenyewe. Hapo ndipo pa kushusha. Anayekuja akikupigia fulu mara mbili wakati uko kwenye dimu, anakwambia taa zako zimepanda, hakutukani. Usimlipe kwa fulu. Tazama ukingo wa kushoto wa njia, punguza mwendo, na kesho yake uende ukutani na utepe. Bari za LED za juu ya paa ni za shambani kusiko na mtu, zizimwe gari inapofika kwenye lami.

Ukinunua LED hata hivyo, andikiana na muuzaji kwamba utazirudisha kama mstari hauonekani ukutani, na glopu zako za zamani zibaki ndani ya gari. Feni haifi mchana.