Lainingi za Breki za Beetle ya 1972: Nilikopotezea Pesa na Nilikopata Kazi Safi

Kama una gari la zamani la breki za dramu (bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu) na uko Mombasa, usikimbilie kununua viatu vipya vya breki (vyuma vilivyopinda vinavyobana dramu kwa ndani) kabla hujavipeleka vile vya asili kwa fundi wa lainingi, ile nguo ya kusugua inayofungwa juu ya kiatu. Mimi nimepitia njia zote mbili ndani ya miezi mitano.

Gari langu ni Volkswagen Beetle, la marehemu baba, lenye dramu magurudumu yote manne. Mwanzoni mwa mwaka pedeli ilianza kushuka, ikawa lazima nikanyage mara mbili ndipo breki zishike. Duka moja la spea mjini likaniuzia viatu vya mbele, vyeusi vinang'aa, shilingi 4,500. Fundi wa mtaani akavifunga asubuhi moja, nikatulia.

Wiki sita baadaye nilikuwa nateremka kuingia feri ya Likoni, watu wamejaa mbele yangu. Nikakanyaga breki, gari likavuta kulia kwa nguvu, na kule kushoto nikasikia chuma kinasaga chuma. Nilivuta handibreki kwa mikono miwili. Halikumgusa mtu, alhamdulillahi, lakini miguu ilikufa ganzi na gari lile likarudi nyumbani kwa kuvutwa.

Tulipovua dramu ya kushoto, lainingi ilikuwa imebanduka nzima kutoka kwenye kiatu chake. Gundi imekauka, inapukutika kama magamba ya samaki. Ile ya kiatu cha pili niliing'oa mwenyewe kwa ncha ya bisibisi. Dukani wakaniambia spea za breki hazirudishwi.

Bahati yangu, vile viatu vya breki vya asili sikuwa nimevitupa. Jirani akanielekeza kwa mzee mmoja wa jua kali karibu na Mwembe Tayari, ambaye kazi yake ni lainingi na klachi tu. Alivigonga kimoja kimoja kwa nyundo ndogo huku ametega sikio, kisha akasema, "Mwanangu, viatu hivi vizima. Kilichokufa ni nguo yake."

Alizitoboa ribiti (misumari laini inayoshikilia lainingi) za zamani kwa drili, akasugua kutu (hewa yetu ya chumvi haibakishi chuma), akalaza lainingi mpya na kuanza kupiga ribiti za katikati kwanza, akienda nje. Ukianzia pembeni, alinieleza, katikati panabaki uwazi, na lainingi itapasuka hapo hapo. Vichwa vya ribiti alivizamisha ndani kabisa visije vikachora dramu. Miisho akaipiga tupa mshazari. Na vumbi la zamani hakulipuliza. Alilowesha kwa maji ya sabuni akapangusa kwa kitambaa, kwa sababu lainingi nyingi za zamani zina asbesto, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Yule fundi wa kwanza alilipuliza kwa upepo wa kompresa, nami nimesimama pale pale!

Halafu akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Dramu ziko wapi?" Nikamletea. Akapitisha kidole ndani, akanipa nami nipitishe. Kulikuwa na mifereji, na ukingoni ngazi nzima ya chuma ambacho hakijaliwa. Lainingi mpya kwenye dramu kama ile inagusa vilima tu, na mguu unaona breki nzito zisizoshika. Akanituma kwa mkereza, fundi wa kuchonga vyuma kwa mashine, kule Shimanzi. Mwambie mkereza apime kipenyo kabla ya kukata, kwa sababu dramu ina kikomo chake, na ikishapita hapo ni ya kutupa. Dramu za ekseli moja zikerezwe sawa, la sivyo gari litavuta upande.

Kufunga si kazi ngumu kwa anayelijua gari hili. Nati ya mbele kushoto hufunguka kinyume, na wengi wameiharibu kwa kuilazimisha. Nati ya nyuma, ile ya spana 36, inataka kukazwa hadi kama niutoni-mita 300, kisha pini. Marekebisho hufanywa kupitia tundu dogo: kaza meno ya kirekebisho cha breki mpaka gurudumu ligome, kisha rudisha meno matatu au manne.

Nililipa shilingi 5,600 kwa viatu vinane vya magurudumu yote manne, mkereza mbali. Mzee aliahidi siku moja, zikawa tatu, na hilo liliniudhi kwa kuwa hakupiga simu. Wiki ya kwanza breki zililia asubuhi, mpaka lainingi zikakaa. Hata hivyo nitarudi kwake bila kufikiri mara mbili.

Jumamosi iliyopita nilishuka mteremko wa Mazeras nyuma ya lori la makontena. Likawasha taa za breki ghafla. Nikakanyaga mara moja. Pedeli ikasimama juu, gari likanyooka kwenye msitari wake. Mama alikuwa kiti cha mbele, akaendelea kumenya chungwa lake.